Mita Moja, Vyumba Vitatu

"Hivi wewe msomi, umeme ukiisha, unakuwa umeenda wapi?"

Mzee Sadi aliniuliza swali hilo siku chache baada ya mimi kuhamia Kigera, mtaa wa Musoma, akiwa na pini mdomoni na suruali ya mteja mapajani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huohuo. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, godoro, kompyuta ya mkononi isiyotunza chaji na tabia ya kubishia kila kitu, lakini jibu sikuwa nalo. Nikaanza kumweleza habari za mabwawa na nguzo. Akatikisa kichwa. "Mabwawa nayajua. Nauliza huu niliokwisha kuununua mimi. Jana ulikuwemo humu ndani, leo haumo. Mchele ukiisha najua umeingia tumboni. Huu nao?" Nikasema nitamletea jibu. Akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Wasomi wote wanasemaga hivyo. Nitakusubiri."

Nimeukumbuka mwaka ule kwa sababu ya mita mpya. Mwezi uliopita, hapa Bunda ninakoishi sasa, mafundi walikuja kuniondolea mita ya zamani na kunifungia hii ya kisasa, ambayo ukilipa kwa simu umeme unaingia wenyewe, hubonyezi kitu. Nikaipiga picha, nikamtumia Mama Magesa aliyeko Musoma bado. Hakunijibu. Jumapili iliyofuata nikamwona anashuka kwenye basi karibu na kwangu akiwa na kuku wawili waliofungwa miguu, na nyuma yake Mzee Sadi, kofia kichwani, shati limepigwa pasi utadhani anakwenda kuposa. "Tumekuja kuiona," alisema Mama Magesa hata kabla ya salamu. Nikawapeleka ukutani. Mzee Sadi akaikagua mita juu mpaka chini, akapapasa pembeni. "Vitufe viko wapi?" Nikamwambia havipo. "Sasa mtu anafanya nini?" Nikamwambia hafanyi kitu, analipa tu. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mwanangu. Nyumba haina raha hii." Mama Magesa akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akakaa chini palepale ukumbini na kuku wake.

Habari za kwetu naziacha, kila mtu ana kwao. Nyumba ya Kigera ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mwembamba wa kupitia mtu mmoja na ndoo. Chumba changu kilitazama ua, penye mpapai na jiko la pamoja. Cha Mama Magesa kilikuwa katikati. Cha Mzee Sadi kilikuwa mbele, kinatazama barabara, na zamani kilikuwa duka. Ndiyo sababu mita ya nyumba nzima ilikuwa humo ndani, ukutani, juu ya mahali palipokuwa na rafu za sukari na sabuni. Chini yake Mzee Sadi aliweka cherehani, meza ya kupigia pasi na kitanda. Kila aliyetaka kuingiza umeme alibisha hodi kwake, akavua viatu, akasimama pembeni ya kitanda cha mzee huyo mjane na kubonyeza tarakimu ishirini huku mwenye chumba akimwuliza habari za ndugu zake. Mwanzoni niliona ni adha. Chuoni tuliishi watu wengi ghorofa moja bila kujuana majina. Kigera sikuweza kuwasha taa bila mtu kujua nimekula nini, kwa sababu hukuruhusiwa kutoka chumbani kwa Mzee Sadi bila kunywa chai yake ya tangawizi, na chai yake ililetwa pamoja na maswali.

Tulinunua umeme kwa zamu. Hilo ni jambo la kawaida kwenye nyumba nyingi, ila zamu yetu ilikuwa na sharti moja lililonishinda kuelewa: usinunue kwenye zamu ya mwenzako. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa gizani, unangoja. Jioni moja nilitaka kuandika barua za maombi ya kazi, umeme ukaisha, na zamu ilikuwa ya Mama Magesa ambaye alikuwa bado sokoni. Nikanunua kwa simu na kwenda kubisha kwa Mzee Sadi. Alisimama mlangoni kama askari. "Zamu ya nani?" Nikasema ya Mama Magesa, ila nimemsaidia. "Umemsaidia au umemtangaza?" Akafunga mlango kwa adabu kabisa. Namba zangu zikalala kwenye simu mpaka zamu yangu ilipofika.

Mimi si mtu wa kuachia jambo kama hilo. Jumamosi iliyofuata nilimfuata mwenye nyumba, Bibi Wegesa, kwake Butiama, nikiwa na hoja zangu zimepangwa. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Hakusimamisha ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikamweleza habari ya uhuru wa mtu na fedha yake, kisha akaniambia niingie ndani nikale kwanza. Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na mimi nikidhani nimeshinda. Alipomaliza akafuta mikono. "Sisi tulilimaga kwa zamu," alisema. "Leo kwako, kesho kwa yule. Siku ya kulima kwako unawapikia watu. Sasa siku yako imefika, chakula hakijaiva, na mimi jirani natoka kwangu na chungu nakuja kuwapakulia watu kwenye shamba lako. Nimekufanyia nini?" Nikasema umenisaidia. Akacheka, akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa jikoni. "Njoo umsikie huyu. Anasema nimemsaidia!" Mjukuu naye akacheka. Nikarudi Musoma nimeshiba na sijabadilisha mawazo. Niliona ni desturi nzuri ya jembe iliyobandikwa kwenye mita kwa makosa, na nikasema hivyo kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza, yaani Mama Magesa.

Mama Magesa alikuwa mtu wa kusikiliza huku akifanya kazi. Mwanawe alikuwa Mwanza, na yeye kwa miaka mingi alikuwa akikaanga dagaa na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza. Moshi ulimsumbua macho mpaka zahanati wakamwambia achague, dagaa au macho. Akachagua macho, halafu akakaa majuma mengi hajui afanye nini na mikono yake. Kisha siku moja akaja na pikipiki ya mizigo kutoka Bunda, na juu yake sanduku la mbao lenye kioo mbele, balbu nne ndani na kifeni kinachonguruma. Ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga, imetengenezwa na fundi seremala wa huko. Mzee Sadi alitoka kuiona na futi yake ya kupimia nguo shingoni. "Kuku wa umeme!" akasema. "Hawa wakikua watawikaje? Watalia kama mita?" Mama Magesa akamjibu, "Wewe Mzee subiri tu. Utakuja kuniomba supu."

Mayai hakununua. Alikwenda kwao Kiriba na kurudi na ndoo iliyojaa pumba za mpunga, na ndani ya pumba mayai, zaidi ya hamsini. Alinieleza akiwa anayapanga, moja moja, kwa mikono ile iliyozoea kugeuza samaki bila kuwavunja. Kwao Kiriba mtu hakuuzii yai la kuangulia. Anakupa, na anasubiri. Kifaranga akitoka, nusu ni yako na nusu ni ya mwenye yai. Yakioza, hakudai kitu, lakini hakupi tena, na wala hasemi kwa nini. Aliyapata kwa dada zake, wifi zake, kwa mama mmoja aliyewahi kugombana naye kisimani, na kwa mchungaji. Kila nyumba aliipa alama yake kwa penseli juu ya ganda: msalaba, duara, jicho, mistari miwili, samaki. "Hapa ndani imo Kiriba nzima," alisema, akafunga mlango wa kioo. "Hawa wasipotoka, Nyabise, mimi kule nitapita kwa njia ya porini." Alisema akitabasamu, lakini hakuwa anatania. Alikuwa ameacha kazi moja, na hii ya pili ilikuwa inategemea mayai ya watu.

Na ilitegemea mita. Balbu zile hazikuzimwa mchana wala usiku, na Mzee Sadi alianza kuona zamu yake inakuja mapema kuliko zamani. Hakugomba. Alitoa maneno yenye miiba midogomidogo, kwa sauti, akiwa kwenye cherehani na mlango wazi. "Zamani tulikuwaga watu watatu tu humu. Siku hizi sijui tuko hamsini." Mama Magesa naye, akipita na ndoo: "Hamsini na ngapi? Nihesabie vizuri, Mzee, usiwasahau wasiozaliwa." Nikaona nafasi yangu imefika. Nikawaambia tusibishane kwa mdomo wakati kuna njia ya kujua. Mita ile ilikuwa na taa nyekundu ndogo inayokonyeza, na inakonyeza haraka zaidi kadiri umeme unavyotumika zaidi. Tuzime kila kitu, tuwashe kimoja kimoja, tuitazame.

Tulifanya baada ya swala ya alasiri, wote watatu tumebanana kwenye kitanda cha Mzee Sadi kama watu wanaotazama mpira. Tulipozima vyote, taa ikatulia kabisa. Nikawasha kompyuta yangu: kimya, kimya, konyezo moja. Mzee Sadi akasema, "Hiyo kazi ya wasomi, haina jasho." Mama Magesa akakimbia kuwasha mashine. Konyezo, konyezo, taratibu, kama mtu mzima anayetembea baada ya kula. "Enhe!" akapiga kelele kutoka chumbani kwake, "inasemaje?" Kisha ikaja pasi. Mzee Sadi aliichomeka mwenyewe, kwa heshima zote. Taa ikaanza kukonyeza bila pumzi, kama msichana aliyeona watu wa kumtania harusini. Tulitazamana. Mama Magesa alikuwa amerudi na amesimama mlangoni. "Mzee," alisema kwa upole wa kutisha, "huyo anayekonyezwa hivyo ni nani?" Mzee Sadi akaichomoa pasi, akaishika kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni. "Hii pasi haina adabu," akasema. "Nilijua siku nyingi." Tangu siku hiyo maneno ya hamsini yaliisha, na mara mbili nilimkuta akichungulia kwenye kioo cha mashine wakati Mama Magesa hayupo.

Ndipo likaja juma la mwisho la mayai. Zamu ilikuwa ya Mzee Sadi. Alikuwa ameshona kanzu za kwaya ya parokia moja ya Butiama, kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule, na asubuhi moja alifunga kanzu zote kwenye shuka, akafunga chumba chake kwa kufuli, akaniambia anazipeleka na atarudi jioni na kuingiza umeme. Mvua ilinyesha mchana huo. Jioni hakurudi. Simu yake haikupatikana. Asubuhi yake, nikiwa nachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, jikoni, nilisikia mlio kutoka chumbani kwake. Tii. Kimya. Tii. Mita inapokaribia kwisha hulia hivyo, na ile ya kwetu ilikuwa inalia nyuma ya kufuli.

Nikachukua simu nikitaka kununua. Mama Magesa akanishika mkono. "Zamu ni ya Mzee." Nikamwambia Mzee yuko Butiama anaimbiwa na kwaya, na mayai yako hapa. "Najua yalipo," alisema. "Nyabise, mtu amepata kazi ya kwanza kubwa, amesafiri na sifa zake. Arudi akute majirani wamemnunulia umeme? Wote watasema alishindwa. Mimi nitamtazama usoni kwa macho yapi?" Nikamwuliza, na Kiriba je, huko utatazama kwa macho yapi? Aliingia chumbani, akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, na tii ikaendelea. Mimi nilizunguka ua kama kuku aliyepotelewa. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na zaidi na huyu aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya sura ya fundi cherehani aliyemtania tangu sanduku lifike. Na nikakiri moyoni kwamba nilianza pia kumshuku Mzee. Alimtania mno. Labda kuchelewa kwake kulikuwa kwa makusudi.

Kabla ya adhuhuri balbu zikazimika. Kifeni kikazunguka kidogo kwa mazoea, kikasimama. Mama Magesa alifunika sanduku kwa blanketi, akaweka pembeni chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga, akafunga dirisha. Hakulia. Alikaza uso tu, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Hapo nikampigia Bibi Wegesa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kusema kwamba nitavunja kufuli. "Kufuli langu hulivunji," alisema. "Na zamu huivunji. Huyo amekosa nini Mama Magesa? Moto?" Nikasema ndiyo, moto. Nikamsikia anamfukuza mbuzi. "Sasa binti, kwenu moto ukizimika asubuhi mnafanyaje? Si mnakwenda kwa jirani kuazima kaa? Ukiazima kaa la moto, umempikia mtu?" Nikasema hapana. "Basi azimeni kaa. Dogo. La kuwashia, si la kupikia. Na mkisha kuliazima msiliseme kama mmenunua." Akakata simu.

Nilipomweleza, Mama Magesa alisimama mara moja, kigoda kikaanguka. "Kaa!" akasema. "Kwani mimi nilikuwa wapi?" Nikanunua umeme kidogo kabisa, ule ambao hata wakala huuliza kama umekosea. Namba zikaja kwenye simu. Lakini vitufe vilikuwa ndani, na kufuli lilikuwa limekataliwa. Tukaenda dirishani. Dirisha la Mzee Sadi lilikuwa na nondo na wavu wa mbu, na wavu ulikuwa umechanika pembeni mahali alipopitisha waya wa redio. Mita ilionekana, ukutani upande wa pili, juu ya kitanda. Mama Magesa aliitazama, akautazama mpapai, akaenda uani na kurudi na ule mti mrefu wa kuangushia mapapai. Akakata kipande cha kandambili yake mwenyewe, akakifunga kwa uzi kwenye ncha. "Wewe soma," aliniambia. "Mimi nitachokoa. Nimechokoa moto chini ya dagaa miaka mingi, mkono hautetemeki."

Nikasimama juu ya ndoo, mkono mmoja simu yangu yenye namba, mwingine simu ya Mama Magesa, nikitumia kamera yake kuvuta picha karibu nione kinachoandikwa. "Nne." Mti ukapita juu ya cherehani, juu ya kitanda, ukaelea, ukagusa. "Nne imeingia. Saba." Ukagusa nane. Tukafuta, tukaanza upya. Kijana wa bodaboda anayeitwa Kisiri alisimamisha pikipiki barabarani. "Mama, mnachokoa nini humo? Nyoka?" Mama Magesa hakugeuka. "Tunaazima moto, pita zako." Hakupita. Akaja na mwingine. Kisha wakaja mama wawili wa jirani na dada wa saluni, mteja nyuma yake amesukwa nusu kichwa. Nikawa nasoma namba, na wote wanaitikia, kama kwaya: "Moja!" "Mojaaa!" "Sifuri!" "Sifuri kule chini, Mama, chini kabisa, kushoto, sio hapo, utamwangushia mzee chupa ya marashi!" Mara ya kwanza tulipofika mwisho mita ikakataa. Watu wakaguna kana kwamba penalti imegonga mwamba. Mara ya pili ikakataa tena, maana mimi niliruka tarakimu moja, na Kisiri akaniambia mbele ya watu, "Dada, chuo ulisomea namba kweli?" Nikamjibu sikusomea. "Basi lete simu." Nikampa. Nikabaki na kazi ya kamera. Mara ya tatu hakuna aliyeitikia kwa sauti. Tulinong'ona. Mti ulikwenda, ukagusa, ukarudi, ukagusa. Tarakimu ya mwisho. Kitufe cha kukubali. Nikaona kwenye kioo cha mita neno la kukubaliwa, na kabla sijasema chochote, redio ya Mzee Sadi, ambayo swichi yake mti uliibonyeza katika kupapasa, ikalipuka kwa taarabu chumba kizima.

Watu walicheza palepale barabarani. Dada wa saluni alicheza na chanuo mkononi. Mama Magesa hakucheza. Alikwenda mbio kwenye sanduku, mti bado mkononi, na nikamfuata. Balbu nne zilikuwa zinawaka. Tukazima kila kitu kingine katika nyumba, taa, chaja, tukauingiza mti tena dirishani kubonyeza swichi ya redio, na tukakaa kungoja, maana kaa lilikuwa dogo kweli.

Mzee Sadi alifika wakati jua linaelekea kuzama, matope hadi magotini. Daraja dogo lilijaa maji, alisema, na simu ilizimika, na kanzu zote zimewakaa vizuri isipokuwa mwimbaji mmoja wa sauti ya nne aliyenenepa. Akafungua kufuli. Tulimsikia anaingia. Nikamtazama Mama Magesa. Alikuwa amejifunga kanga upya, amesimama wima ukumbini. Mzee akatokea mlangoni. "Nani ameshika mita yangu?" Umeme wake alikuwa ameshaununua hukohuko Butiama kwa simu ya mkuu wa kwaya, amezikariri tarakimu zote ishirini njia nzima kama sura ya Kurani, na sasa ameona mita ina kitu ambacho hakukiweka yeye. "Tuliazima kaa tu, Mzee," alisema Mama Magesa. "La kuwashia. La kupikia hatukugusa." Mzee Sadi akarudi ndani. Tukamfuata mpaka mlangoni. Ukutani, kuzunguka vitufe, kulikuwa na madoa meusi ya raba ya kandambili, mengi, kama nyayo za mbuzi waliocheza ngoma. Akayatazama madoa. Akautazama wavu. Akamtazama Mama Magesa, kisha mguu wake mmoja wenye kandambili iliyokatwa. Akakaa kitandani taratibu na mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia, akatoa kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu yeyote. "Kaa," alisema alipopata pumzi, "kaa halina zamu." Akainuka na kubonyeza tarakimu zake ishirini kwa kichwa, bila kosa hata moja, akitukodolea macho mimi hasa.

Kisha akasema twende tukawaone watoto. Tulipiga magoti watatu mbele ya kioo. Yai moja, lenye alama ya samaki, lilikuwa na ufa wa nyota, na kutoka ndani ilisikika sauti nyembamba. Mzee Sadi alisogeza sikio. "Anaongea," alinong'ona. "Mama Magesa, anaongea!" Kesho yake mchana sanduku lilikuwa limejaa manyoya mabichi na kelele.

Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si mimi, si Mama Magesa, si Kiriba nzima. Alama zilikuwa kwenye maganda. Vifaranga walitoka bila alama, wakachanganyikana, wa mchungaji na wa yule mama wa kisimani, wote manjano na kahawia. Wenye mayai walipofika kutoka Kiriba, wamevaa nguo za Jumapili, walikuta Mama Magesa ameyapanga maganda uani kwa makundi, msalaba na msalaba, jicho na jicho. Kila mmoja alihesabiwa maganda yaliyopasuka, akapewa nusu, na kuingiza mkono kwenye boksi akiwa amefumba macho. Mama wa kisimani alitoa kifaranga mweusi, akafumbua macho na kusema, "Huyu wangu kabisa, tazama anavyonitazama vibaya." Mama Magesa akacheka mpaka akamshika bega, na sikuwaona wakiachana mpaka jioni. Tulikula sato na ugali wa muhogo, na Mzee Sadi akala kuliko wote.

Mita ilihamishiwa ukumbini kabla ya mwaka kwisha, fundi wa umeme alikuja kwa maombi ya Bibi Wegesa. Niliondoka Kigera muda mfupi baadaye, nilipopata kazi Bunda. Nilitoka na hoja zangu nyingi zikiwa zimebaki vilevile. Bado naona kwamba mtu anaweza kumnunulia mwenzake umeme bila kumtukana. Lakini sijawahi tena kuishi nyumba ambamo wenye kutaniana walikuwa wanalindana hivyo, na sasa nina mita inayojilisha yenyewe na jirani ambaye jina lake silijui.

Baada ya wageni wangu kuondoka Jumapili ile, kuku wao wawili walibaki uani kwangu, na mmoja akaanza kutaga. Nikamwita afisa mifugo wa kata anishauri, na katika mazungumzo nikamsimulia habari ya mti na kandambili. Alicheka vizuri. Kisha akanieleza, bila haraka, kwamba yai lililofika juma lake la mwisho si yai tena: kifaranga aliyemo ndani amekua kiasi cha kutoa joto lake mwenyewe, na akifunikwa vizuri anaweza kukaa bila moto wa nje kwa saa kadhaa na akatoka mzima. Chini ya blanketi la Mama Magesa, mayai yale yangeweza kumngoja Mzee Sadi.